Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mkunazini, Unguja
8 Juni 2006

Dada yangu Sheikha,

Assalaam alaykum. Shikamoo yangu naitanguliza mbele ya kila neno, kwa sababu sijui kama ukishamaliza kuisoma barua hii utataka kuipokea nyingine. Mimi mzima, Alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto linalonikataza ngazi, na nyumba hii yetu unaijua, haina kingine ila ngazi. Natumai sukari yako imeshuka, joto la Maskati halijakuchosha, na Tahiya mwanao anaibeba mimba yake kwa salama. Majirani wote wanakuulizia. Barua hii naipeleka kwa mkono wa Muzna, yule binti wa nyumba ya pili, anayesafiri Ijumaa, maana posta siiamini kwa jambo hili.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata na nikaisoma mara nne. Umeniandikia kwamba Tahiya, akijaaliwa mtoto wa kiume, anataka kumwita Msabah, jina la marehemu baba yake, na wewe umemkatalia. Umesema hutaki kuliita kila siku jina la mtu aliyeshika msahafu akaapa kuwa ameacha sigara, kisha akafa kwa sigara hiyo hiyo na kukuacha mjane. Umesema mtoto ataitwa Hamoud, jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwosha marehemu, na ndiye niliyesema kweli siku ambayo wengine wote walitaka kuificha. Tena ukaniambia kuwa ile pakiti ya sigara bado unayo sandukuni, na kila unapotaka kumlilia mumeo huitoa ukaitazama mpaka machozi yakauke. Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha kitako kuandika. Nakuomba usome peke yako, na mlango uufunge.

Kazi yangu hukuwahi kuielewa, na kosa si lako. Nilikuwa sielezi ili nieleweke, nilikuwa naeleza ili nisikike. Basi leo nakueleza vizuri. Juu angani liko tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mibaya ya jua, ile inayochoma ngozi na kutia ukungu machoni. Gesi zilizokuwa zikitiwa kwenye mafriji zilikuwa zikivuja, zikapanda, zikawa zinalila tabaka hilo. Dunia ikakubaliana kuziacha. Lakini serikali hazijui gesi, dada. Kwa hiyo yakaundwa majopo ya wataalamu: moja la watu wanaoipima hewa yenyewe, moja la wanaotazama madhara kwa watu na mazao na bahari, na moja la mafundi na wachumi, wanaosema gesi gani itumike badala ya ile ya zamani, kwa njia gani, na kwa hatari gani. Hawaamrishi mtu. Wanaandika wanachokijua, wanaandika na wasichokijua, kisha serikali ndizo zinazokaa na kuamua.

Mwaka tisini na nane ofisi yangu ilinipeleka Nairobi kwenye mkutano wa mambo hayo. Pale nilimwona mama mmoja, mtu mzima, mmoja wa wale wa jopo la ufundi. Alisimama mbele ya watu mia akasema kwamba hesabu moja katika taarifa yao iliyopita ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa lake, akalisahihisha, akakaa. Nilimcheka. Nilimwambia mwenzangu kwamba mwanamke yule hana haya, mimi ningesema ni kosa la mpiga taipu. Nilirudi Unguja na kitabu chao kinene mkobani na mkoba wenyewe wenye nembo, nikawa naubeba mkoba ule mpaka sokoni Darajani kununulia ndizi.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuchukua yale yanayowahusu mafundi, kuyatia kwa Kiswahili chepesi, na kuwafundisha mafundi wa friji wa mjini na mashamba. Nilitengeneza kijitabu cha kurasa kumi na mbili. Mafundi ishirini na wawili walikuja, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu Msabah.

Nikwambie kweli ambayo nadhani ulikuwa ukiijua. Sikumpenda Msabah tangu siku ya posa. Baba alikuwa ameshakufa, mimi ndiye niliyeulizwa, na nilikubali kwa sababu tu ulikuwa umeshapita miaka thelathini na hapana mwingine aliyepiga hodi. Mtumbatu wa kisiwani, hakusoma zaidi ya darasa la sita, mikono imejaa grisi, anakula kwetu na jamaa zangu wanamwita bwana fundi kwa kejeli, naye anaitika naam kama hakusikia kejeli. Lakini kazi alikuwa akiijua. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Laiti angekuwa fundi mbovu, ningempenda kidogo.

Siku ya kwanza ya mafunzo nilisimama mbele ya friji la mfano ili nionyeshe jinsi ya kutambua ubovu. Friji halikupoa. Nikachukua robo tatu ya saa kueleza, kwa maneno yote niliyotoka nayo Nairobi, kwamba kompresa, ile pampu ya gesi, imekufa, na dalili zake ni hizi na hizi. Msabah alikuwa amekaa nyuma. Akainua mkono kwa adabu akasema, "Samahani mwalimu, swichi ya ukutani hujaiwasha." Akanyanyuka akaiwasha mwenyewe, na friji likaanza kunguruma. Watu ishirini na mmoja walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Machano, yule fundi wa Kikwajuni mwenye sauti kubwa, alicheka akalia machozi. Msabah peke yake hakucheka. Jioni ile ile nilipopita Darajani niliitwa Mwalimu Swichi, na mpaka leo wako watu wasionijua kwa jina jingine.

Sasa ile taa yake. Unaikumbuka, maana wewe ndiye uliyeuza bangili zako mbili akainunua kwa Mhindi aliyekuwa akifunga karakana. Ilikuwa taa ndogo ya moto wa buluu, yenye mpira mwembamba. Fundi aliupitisha mpira ule kwenye mabomba ya friji, na gesi ya zamani ikivuja hata kidogo, moto uligeuka kijani. Gesi ile ya zamani haikuwa ikiwaka, kwa hiyo hapakuwa na hofu. Mafundi wengine walitumia povu la sabuni, si kwa busara, kwa kukosa taa. Msabah tu ndiye aliyekuwa nayo, na alikuwa akiipangusa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Mafundi walikuwa wakija kuiazima kama watu wanavyoazima jamvi la arusi.

Na ziko gesi mpya, dada, zisizodhuru ozoni, ambazo zinawaka kama gesi ya kupikia. Jopo liliandika hilo wazi kabisa. Walisema ni gesi nzuri, rahisi, zinafaa nchi kama zetu, lakini fundi asiziguse kabla ya kufundishwa, na uvujaji wake usitafutwe kwa moto abadan. Nililitia hilo kwa Kiswahili. Lilikuwa ukurasa wa kumi na mbili, ukurasa mzima, kwa herufi kubwa.

Ukurasa ule niliuchomoa. Nilivigawa vijitabu vyote ishirini na viwili vikiwa na kurasa kumi na moja.

Usidhani nilikusudia auawe. Nilikusudia achekwe. Mafunzo yalikuwa yamalizike Jumamosi kwa mtihani wa mdomo mbele ya wote, na anayefaulu apewe cheti. Nilipanga swali la kwanza nimuulize Msabah: gesi mpya ikivuja utaitafuta kwa kitu gani? Nilijua atajibu kwa taa. Hapo ningeutoa ukurasa wa kumi na mbili mkobani, nimsomee, niwaambie mafundi wote kwamba bwana huyu angewachoma moto wateja wake, na taa yake ile ya sifa ikatupwe jaani. Nilikuwa nimeshaisikia mpaka sauti ya kicheko chao. Siku ya Jumatano alasiri nilikaa barazani nakunywa kahawa, swali likanijia kichwani limekaa sawasawa, sina karatasi, nikachomoa ile karatasi ya kung'aa ndani ya pakiti yangu ya sigara, nikaliandika kwa nyuma, nikairudisha pakitini. Nilikuwa nimefurahi. Hata wewe ndugu yangu ulinipitia ukaniuliza mbona leo nacheka peke yangu.

Alhamisi asubuhi hoteli moja ya Kiwengwa ilimwita Msabah kwa kabati la vinywaji lisilopoa. Lilikuwa kabati jipya lenye gesi mpya, na kibandiko chake kimeandikwa Kitaliano. Lilikuwa katika chumba cha ghala, mlango umefungwa ili baridi isitoke. Gesi ile ni nzito, hutua chini. Msabah alipiga magoti kwenye sakafu iliyokuwa imejaa gesi, akawasha taa yako.

Mimi nilifika saa nane na gari ya ofisi. Walikuwa wamemlaza kwenye mkeka chini ya paa la jiko, hai, na sitakuandikia alivyokuwa, maana ulimwona hospitali akiwa amefungwa bendeji na hicho kilikuwa kidogo. Nilipoinama alinitambua. Akaniambia kwa taabu, "Mwalimu, gesi ile inawaka. Waambie wenzangu." Alidhani amegundua kitu ambacho hapana ajuaye. Alikuwa akinipa mimi habari, mimi ambaye habari hiyo nilikuwa nayo kwa herufi kubwa ndani ya mkoba niliouvaa begani. Nikamwambia ntawaambia. Akasema ahsante.

Alikufa Ijumaa alfajiri, kama ujuavyo. Ulipokuwa ukilia ubavuni mwake, mimi nilikuwa nikifikiri. Nilifikiri kwamba wakiuliza taa, watauliza nani alimfundisha, na wakiuliza mafunzo, watachukua kitabu cha jopo wakilinganishe na kijitabu changu. Mkoba wake wa zana ulikuwa haukuungua, aliuacha nje ya mlango wa ghala, na nilikuwa nimeuchukua mimi katika gari. Nilirudi Kiwengwa, taa nikaitoa katika vyombo vilivyoungua nikaitupa kwenye kisima kibovu njiani. Mahali pake ndani ya mkoba nikatia pakiti yangu ya sigara.

Ndiyo, Sheikha. Ile pakiti ni yangu. Msabah alikuwa hajavuta tangu siku Tahiya alipozaliwa na kifua kibovu, tangu siku aliposhika msahafu mbele yako. Alikitimiza kiapo chake mpaka akafa.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Iliundwa kamati ya watu watatu kuchunguza ajali: meneja wa hoteli, ofisa mmoja wa polisi, na mimi. Meneja hakutaka kuulizwa kwa nini alimpa fundi mashine asiyoijua, na ofisa alitaka kurudi mjini kabla ya magharibi. Mkoba ulifunguliwa mbele yetu sote, pakiti ikatoka. Hapana aliyeuliza swali la pili. Niliandika taarifa ya ukurasa mmoja na nusu kwamba fundi alivuta sigara katika chumba chenye gesi, nikatia saini, na chini yake cheo changu tu, bila jina. Watu wakanisifu kwa kusema kweli juu ya shemeji yangu mwenyewe. Nikakuletea pakiti kwa mkono wangu, kwa sababu uliitaka, na wewe ukaniambia kuwa hata sala ya kumwombea haikutoki moyoni.

Na hapo nikulaumu na wewe kidogo, maana nikikaa kimya nitakuwa naficha tena. Ulilala na mtu yule miaka ishirini. Unaijua harufu ya kanzu yake, unaijua pumzi yake. Ukaja ndugu yako na pakiti mkononi, ndugu anayenuka sigara kutoka mlangoni, ukaamini pakiti. Hata kwa dakika moja hukusema hapana. Nilingoja useme. Nilikuwa nimesimama mlangoni naomba useme, maana ungesema, ningeanguka pale pale. Hukusema, na mimi nikaenda zangu kula ubwabwa wa hitima.

Ule ukurasa wa kumi na mbili niliwagawia mafundi wiki ya pili. Nikawaambia kwamba ulisahauliwa na mpiga chapa. Machano alikigeuza kijitabu chake akaniuliza mbona kina matundu mawili ya pini, moja la zamani na moja jipya. Nikamwambia ashughulike na mafriji yake. Akanitazama sana, lakini hakunicheka, na tangu siku hiyo haniiti Mwalimu Swichi. Haniiti kwa jina lolote.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena Nairobi. Yule mama wa jopo alinitafuta wakati wa chai. Alikuwa amepata habari kwamba Unguja kumetokea ajali, akataka kujua kama fundi alitumia taa ya moto, kwa sababu walikuwa wakikusanya visa vya namna hiyo katika nchi mbalimbali, ili taarifa yao ijayo iseme kwa nguvu zaidi na mafundi wengine waokoke. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alisema neno langu linamtosha kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu niliyekuwepo. Nikamwambia ni sigara tu, uzembe wa mtu mmoja. Akaandika, akasema pole kwa msiba. Basi taarifa ile inayosomwa na serikali zote za dunia haina Msabah ndani yake. Aliniomba niwaambie wenzake, na hata huko nilimziba mdomo. Kama yuko fundi mwingine mahali pengine aliyepiga magoti na taa yake baada ya hapo, sijui, na sijathubutu kuuliza.

Sikuandikii kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Nimekaa na jambo hili miaka saba na nilikuwa nimejiandaa kukaa nalo mpaka kaburini. Lakini siwezi kustahimili kusikia kwamba mtoto wa Tahiya, mjukuu wa Msabah, ataitwa Hamoud. Siwezi kupigiwa simu nikaambiwa Hamoud ameota jino, Hamoud ametambaa. Hilo tu ndilo lililonishinda, na nalisema kama lilivyo.

Najua hutaniamini mara moja. Utasema Hamoud amezeeka, amerukwa na akili, anataka kumsafisha marehemu. Basi nenda sandukuni ukaitoe pakiti. Mimi siku ile nilikuwa nimesahau kilichokuwemo, nikakumbuka wakati imeshafika mikononi mwako, na kwa miaka saba kila simu yako ikilia nilidhani umeifungua. Hukuifungua. Uliitazama kwa nje tu. Sasa toa sigara zilizomo, zitakuwa saba, chomoa ile karatasi ya kung'aa, igeuze. Hati yangu unaijua, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika herufi za Kilatini ulipokuwa ukisoma chuo cha Kurani tu. Utakuta nimeandika hivi: "Swali la kwanza. Gesi mpya ikivuja utaitafuta kwa kitu gani? Jibu: povu la sabuni. Msabah atasema taa. Tutacheka sana."

Nisalimie Tahiya na mumewe, na umpe mkono wa heri kwa kinachokuja. Salamu kwa jamaa wote wa huko wanaonikumbuka, na asiyenikumbuka usimkumbushe. Kaburi la Msabah nimelipalilia jana, na nimekuwa nikilipalilia kila mwezi, si kwa thawabu. Radhi yako siiombi. Majibu pia siyangoji, ila mtoto akizaliwa mwambie Muzna anitajie jina lake tu, halafu basi.

Wale wataalamu wa ozoni mwisho wa taarifa zao huandika majina yao kamili, ili anayetaka kumjua aliyesema, amjue. Ile yangu ya Kiwengwa niliitia cheo. Hii naitia jina.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Hamoud bin Khalfan bin Said